Nipo, Mwalimu

Kibaigwa,
11 Februari 1996

Baba mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na natumaini wewe na mama mkubwa Evelina mmeamka salama hapo Mkonze. Mwambie mama mkubwa unga wa uwele alionifungia umekwisha, na waliokula zaidi ni wapangaji wenzangu. Goti lako linaendeleaje? Usingizi unapata? Jibu yote mawili tafadhali, maana barua yako ya Krismasi ilisema "sisi wazima" na kuishia hapo, utadhani unalipia kila neno kama telegramu.

Kibaigwa nimeshaizoea. Tangu biashara ya mahindi iachiwe kila mtu mwenye uwezo, malori hayakauki barabarani, na kijiji kizima kinaishi kwa kuyahudumia: madalali, wapagazi, mama lishe, na watoto wetu wa shule katikati yao. Darasa langu la nne lina watoto sitini na saba na madawati kumi na tisa. Wanaobaki wanakaa chini kwa zamu, nami nahakikisha zamu hizo haziibiwi.

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Unakumbuka marehemu bibi alivyokuwa akisalimia? Mgeni akifika, "Mbukwenyi", ile salamu ya kilugha chetu, yenyewe ilikuwa kizingiti tu. Baada yake aliuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe je, shamba je, mpaka mbwa, na kila alipouliza alinyamaza kidogo ili jibu lipate pa kupita. Shuleni tunafanyaje? Watoto wanasimama, "Shikamoo mwalimu", "Marahaba, kaeni", kisha naita majina na kila mmoja anasema "Nipo". Baba mkubwa, nusu yao hawapo. Mmoja bado yuko kwenye foleni ya maji, mwingine yuko kwenye ugomvi wa wazazi wake wa asubuhi.

Kwa hiyo tangu Januari nimebadili. Tukiingia tunakaa kimya dakika tatu, macho yamefumbwa, kila mtu anasikiliza pumzi yake na sauti za nje. Kisha naita majina, na mtoto anajibu "Nipo" pamoja na neno moja la kweli la jinsi alivyoamka. Nipo, nina njaa. Nipo, naogopa. Nipo, ng'ombe wetu amezaa. Sitoi hotuba, simhoji mtu, tunamsikia tu na kuendelea. Yuko Iddy anayeamka na njaa kila siku hata midomo ikiwa inang'aa mafuta ya maandazi, na darasa zima humcheka. Lakini baada ya hapo wanasoma kwa utulivu ambao sijauona kwingine, na fimbo niliyokabidhiwa naitumia kuning'inizia ramani ya Afrika.

Wewe umekuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na moja. Nakuuliza kwa dhati: unaonaje?

Mwanao,
Lea


Mkonze,
2 Machi 1996

Kwa mwanangu Lea,

Marahaba. Sisi wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Goti lipo. Mvua imenyesha mara mbili na mtama umesimama. Mama yako mkubwa anakusalimu na unga atautuma.

Barua yako nimeisahihisha kwa wino mwekundu kama kawaida yetu na nimeirudisha ndani ya bahasha hii. Umepata sabini na mbili. Umepoteza alama kwa aya ndefu na kwa kumtaja mbwa katika barua ya kikazi.

Kuhusu mtindo wako mpya. Dakika tatu kwa siku ni robo saa kwa wiki. Majina sitini na saba, kila moja na maelezo yake, ni robo saa nyingine kila asubuhi. Sehemu na desimali atazifundisha nani? Mtoto akijibu "Nipo", yupo. Yaliyobaki ni ya nyumbani kwao, na mwalimu akianza kufungua milango ya watu hatajua ni upi wa kuufunga. Nimefundisha watoto wasiopungua elfu tatu bila kumuuliza hata mmoja ameamkaje, na wengine leo ni makarani wa Bunge.

Swali moja la kikazi. Majibu hayo unayaandika wapi? Nakuomba usiniambie ni kwenye daftari la mahudhurio. Daftari lile ni mali ya serikali.

Nisalimie Mwalimu Sostenes, mkuu wako. Alikuja kwangu kwa mazoezi ya kufundisha akiwa kijana mwembamba anayetetemeka mbele ya darasa, na mimi ndiye niliyemfundisha kulishika.

Baba yako mkubwa,
Elisha


Kibaigwa,
14 Aprili 1996

Baba mkubwa,

Shikamoo. Nashukuru kwa unga na kwa alama sabini na mbili. Huku tu wazima, ila kikohozi kimepita nyumba hadi nyumba na watoto kumi na mmoja hawakuonekana wiki nzima. Sikuambiwa lolote kuhusu usingizi wako. Goti "lipo" pia si jibu, hata mimi najua lipo, nimeliona.

Ndiyo, nilikuwa naandika kwenye daftari la mahudhurio. Kwa penseli, kidogo sana, pembeni ya alama ya vema: nj kwa njaa, us kwa usingizi, hz kwa huzuni. Nilitaka mwisho wa mwezi nione nani ana huzuni mara nyingi. Barua yako ilipofika nilianza kufuta, na nilikuwa sijamaliza Januari pale Mratibu Elimu wa kata alipokuja na kulifungua daftari mbele ya walimu wote. Aliuliza hz ni ugonjwa gani. Kosa hilo ni langu, na ulinionya, kwa hiyo usinipige kofi la pili.

Mwalimu Sostenes akaniita ofisini. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Mwalimu Lea, mimi nimelelewa kikazi na baba yako mkubwa. Mwalimu Elisha alinifundisha kwamba mtoto akisinzia anaamshwa kwanza, maswali baadaye. Wewe unaanza na maswali." Kisha akanieleza yatakayotokea. Kamati ya shule itakaa Jumamosi tarehe 20 Julai. Ikiukubali mtindo wangu, atasaini fomu yangu ya kuthibitishwa kazini. Ikiukataa, hasaini, na darasa la nne anapewa Mwalimu Gideoni, yule ambaye fimbo yake watoto wameipa jina la Dawa. Mpaka siku hiyo ameniruhusu niendelee, ili asionekane kunionea.

Sikukulia kwako bure. Naujua uzito wa jina lako hapa. Wazee watatu wa kamati umewafundisha, na mkuu anakunukuu kama Maandiko. Naomba uiandikie kamati barua, ukurasa mmoja tu, useme mtoto akiulizwa hali yake haharibiki. Usiposema wewe, sidhani kama nitasikilizwa.

Yuko msichana mmoja, Anyesi, ndiye ninayemwogopea zaidi. Ana miaka kumi na mmoja. Mama yake anauza uji na chapati kwa madereva, na mtoto anaamka saa kumi alfajiri kupanga foleni ya maji. Kila siku anajibu, "Nipo, nina usingizi," na ninamwacha alaze kichwa mpaka kipindi cha pili, kisha anafanya hesabu kuwashinda wote. Kwa Gideoni hatamaliza wiki. Mama yake namwona kila Ijumaa analeta kuni za jiko la shule, ila haingii. Anaziweka nje ya uzio na kusubiri mtu azifuate. Nilipomkaribisha alisema yeye shule alishamaliza.

Mwanao,
Lea


Mkonze,
5 Mei 1996

Kwa Lea,

Marahaba. Sisi wazima. Mtama umekomaa, ndege wanausumbua, nimefunga makopo kwenye kamba na mama yako mkubwa anayavuta akiwa amekaa kivulini kama malkia. Barua yako sabini na tano, umeanza kupanda.

Kamati sitaiandikia. Nimestaafu, na mstaafu anayeingilia shule ya mwenzake hana adabu. Sostenes ni mtu wa haki. Eleza hoja zako mwenyewe kwa ufupi na bila penseli. Wakikukatalia, utapangiwa darasa jingine na maisha yataendelea, kwani mwalimu hamiliki watoto.

Yule mama anayeweka kuni nje ya uzio, anaitwa nani? Kwao ni wapi? Ukijua, niandikie. Si jambo kubwa.

Elisha


Kibaigwa,
26 Mei 1996

Baba mkubwa,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Hapa mahindi mapya yameanza kuingia, vumbi la makapi liko hadi kwenye chai. Mama mkubwa nisalimie, na mwambie kukaa kivulini kunamstahili.

Jibu lako limeniuma na sitajifanya halikuniuma. Nilidhani utanikosoa, sikudhani utaniacha. Lakini nina jingine la kusema kabla sijaendelea kulalamika, nililificha katika barua iliyopita.

Siku Mratibu alipolifungua daftari mbele ya walimu, nilirudi darasani masikio yakiwaka moto. Anyesi alikuwa amelaza kichwa, kwa ruhusa yangu mwenyewe. Nilichukua rula na kumchapa nayo kiganjani. Mara mbili. Hakulia, alinitazama tu kama mtu aliyepotea njia na kukuta nyumba siyo. Mimi ninayewafumbisha watoto macho na kuwafundisha wasikilize pumzi zao, yangu sikuisikiliza hata moja. Nimejifunza kwamba zile dakika tatu nazihitaji mimi kuliko wao.

Kesho yake nilipoita jina lake alisema, "Nipo, mwalimu." Hakuongeza neno. Kesho kutwa vilevile. Nilimwomba msamaha mbele ya wenzake, akaitikia kwa kichwa, na bado ni "Nipo, mwalimu" mpaka leo, wiki ya sita hii. Ijumaa nilimuuliza taratibu kwa nini hasemi alivyoamka. Akasema mama yake kamwambia: shuleni sema Nipo tu, hata mimi nilisema Nipo tu.

Umeuliza jina la mama huyo. Anaitwa Emiliana. Kwao ni kijiji kile chenye shule ya kwanza uliyoiongoza. Nilimwambia kwa furaha kwamba baba yangu mkubwa alikuwa mwalimu mkuu huko, nikidhani tutapata la kuzungumza. Aliinua mzigo wake na kuondoka.

Ulimjua?

Lea


Kibaigwa,
23 Juni 1996

Baba mkubwa,

Shikamoo. Ni wiki nne sasa bila barua. Seth, yule utingo wa lori anayetuchukulia bahasha zetu, anaapa aliiweka ya kwangu mkononi mwako na kwamba uliisoma ukiwa umesimama. Kama unaumwa, mama mkubwa aniambie. Kama nimekukasirisha, nirudishie barua yangu ikiwa nyekundu yote, nitaipokea.

Kamati ni baada ya wiki nne kasoro siku moja. Sikuombi tena barua. Nataka tu kujua mmeamkaje.

Lea


Mkonze,
30 Juni 1996

Mwanangu Lea,

Ni mimi mama yako mkubwa Evelina, hati yangu unaijua, haina maringo. Baba yako hajui kama naandika. Haumwi, lakini hana raha. Tangu barua yako ya mwezi wa tano amelitoa lile sanduku la bati lenye madaftari yake ya zamani, chumba kizima kinanuka nondo. Anafungua moja, anafunga.

Nikuambie na jingine ambalo sijawahi kukuambia. Tangu astaafu, kila asubuhi anakaa barazani na chai yake, na kengele ya shule ya jirani ikikaribia kulia, anainuka na kuingia ndani mpaka iishe. Miaka mitano sasa. Niliwahi kumuuliza akasema ni baridi. Mimi nikaacha, maana mwanaume wa kaya hii ukimuuliza mara mbili anakwenda kulima.

Mvumilie. Nadhani anatafuta pa kuanzia.

Evelina


Mkonze,
9 Julai 1996

Mwanangu Lea,

Marahaba. Barua yako sijaisahihisha. Hii ikiwa na makosa, yaache.

Umeuliza kama nilimjua. Nilimfundisha darasa la nne mwaka 1974. Daftari la mwaka huo liko mbele yangu hapa. Yeye ni wa thelathini na moja katika orodha. Alikuwa mtoto wa mbele, wa kuinua mkono kabla swali halijaisha. Mwezi wa nane akaanza kusinzia. Nilimuonya mara mbili. Sikumuuliza kitu, kwa sababu sikujua kwamba kuuliza ni kazi ya mwalimu. Nilijua kuamsha.

Jumatano tarehe 18 Septemba niliita majina, akasema, "Nipo, mwalimu." Nikaweka alama ya vema, naiona hapa. Kabla ya mapumziko akalaza kichwa. Nilimwita mbele nikamchapa viboko vinne vya kiganjani, mkono wa kushoto, ili wa kulia ubaki wa kuandikia. Nilijiona nina huruma, Lea. Sostenes alikuwa amekaa nyuma ya darasa na daftari lake la mazoezi, anaandika jinsi darasa linavyoshikwa. Mtoto hakulia. Alirudi kukaa na kuendelea na hesabu.

Saa saba mzee wa kijiji alikuja kuomba watoto wakubwa wasaidie kuchimba kaburi. Mama yake Emiliana alikuwa amefariki alfajiri ile. Miezi miwili mtoto ndiye alikuwa akimgeuza, akimlisha, akiamka usiku kumhudumia. Asubuhi hiyo watu wazima walikuwa na shughuli za msiba, hakuna aliyemwangalia, akavaa sare akaja shule kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Alikuja kwangu. Na nilipomuita alisema yupo.

Nilikwenda maziko, nikasimama nyuma. Sikumwambia neno. Nilijiambia mwalimu mkuu haombi radhi kwa mtoto, na kwamba nikiomba kwa mmoja darasa litanivunjikia mkononi. Hakurudi shuleni. Nikamwandika mtoro siku thelathini, kama kanuni inavyotaka, kisha nikachora mstari mwekundu juu ya jina lake. Mstari huo nao nauona. Nimeupiga kwa rula, umenyooka sana.

Baadaye nilisikia ameolewa Kibaigwa. Ulipopangiwa huko nilifurahi mbele yako, na ndani niliogopa. Uliponiandikia kuhusu mama anayeweka kuni nje ya uzio, nilijua kabla hujanitajia jina. Nilipokukataza kufungua milango ya watu nilikuwa nauzuia wangu. Na uliposema umemchapa mtoto wake kwa rula ukaomba msamaha mbele ya darasa, nilisimama na barua ile mkononi mpaka Seth akaniuliza kama kuna msiba. Wewe ilikuchukua siku chache. Mimi miaka ishirini na miwili haijanitosha.

Sasa sikiliza. Hii ndiyo barua uliyoomba, lakini usiipeleke kwa kamati kwanza. Mpelekee yeye. Msomee yote, na ile sehemu ya mstari mwekundu pia. Mwambie Mwalimu Elisha anasema alikosea, na kwamba anaomba radhi bila kungoja kujibiwa. Akikataa isisomwe kwa watu wengine, ichane, nami nitakutafutia maneno mengine ya kuiambia kamati. Akikubali, isome mbele ya Sostenes. Aliyoandika siku ile nyuma ya darasa nilimfundisha mimi, na ni haki yake kujua kwamba nimeyafuta.

Elisha


Kibaigwa,
22 Julai 1996

Baba mkubwa,

Shikamoo. Mimi nimeamka nimechoka na nina furaha, vyote kwa pamoja. Nakueleza kwa utaratibu, usiruke mistari.

Barua yako ilifika Ijumaa, siku moja kabla ya kikao, kwa sababu lori la Seth liliharibika Chalinze ya hapa kwetu na likalala huko siku nne. Nilimfuata Mama Anyesi jioni hiyohiyo sokoni. Alikuwa anapepeta mahindi ya mfanyabiashara mmoja. Nilimwambia nina barua kutoka kwako na kwamba anaweza kuikataa. Akasema, "Soma, mikono yangu ina kazi, masikio hayana." Nikasoma. Alipepeta mpaka nilipofika kwenye viboko vinne, hapo akaweka ungo chini. Hakunitazama, alitazama kiganja chake cha kushoto, kama mtu anayetafuta mwiba wa zamani. Nilipofika kwenye mstari mwekundu akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Nilipomaliza aliuokota ungo akauweka mapajani, na mimi nikakaa naye, kwa kuwa ndicho kitu pekee ninachojua kufanya vizuri.

Kisha akasema, "Yeye anajua alichonipiga. Hajui nilichokuwa nataka. Nilikuwa nataka mtu mmoja aniulize." Nilimuuliza kama niichane barua. Akasema, "Isome kesho. Na jina langu usilifiche, lilishafutwa mara moja."

Jumamosi kamati ilikaa katika darasa langu. Nilikuwa nimeshaanza kueleza hoja zangu, kwa ufupi na bila penseli, pale Mama Anyesi alipofika. Baba mkubwa, aliuvuka uzio. Alikaa kwenye dawati la Anyesi. Mwenyekiti akasema kila mzazi aliyepo aandikwe, na katibu akamuuliza jina. Alisimama, akasema, "Emiliana. Nipo." Halafu akatazama mbele kama vile wewe ndiye uliyesimama pale. "Siku ile niliamka mama yangu amekufa. Ndivyo nilivyoamka, mwalimu." Akakaa.

Hapo ndipo niliposoma barua yako. Wazee wale watatu uliowafundisha waliinamisha vichwa. Mwalimu Sostenes alivua miwani, akaomba barua aione mwenyewe, akaitambua hati yako. Alisema, "Nilikuwepo. Niliandika kwamba mtoto hakulia, nikaweka alama kwamba ni njia nzuri." Akaikunja barua na kunirudishia kwa mikono miwili.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kimegeuka. Mwalimu Gideoni alisema machozi hayafaulishi mtihani, na wazazi wawili walimuunga mkono. Walichoamua ni hiki: dakika kumi kila asubuhi, si zaidi, majibu niyaandike kwenye daftari langu mwenyewe nililonunua, na mtihani wa darasa la nne utaamua kama madarasa mengine yataiga. Fimbo za shule zimebaki ofisini, ila darasani kwangu haziingii. Fomu yangu imesainiwa. Anyesi anabaki na mimi.

Leo Jumatatu niliita majina. Nilipofika kwake alinyamaza, nikamngoja. Akasema, "Nipo, mwalimu. Mama kanisuka jana, kichwa kinauma." Darasa likacheka, naye akacheka. Nilikwenda kusimama dirishani kidogo.

Mama yake amenipa salamu nikufikishie, nazinukuu kama alivyozitoa: "Mwambie Mwalimu, Emiliana anauliza ameamkaje. Na asijibu mzima."

Lea


Mkonze,
4 Agosti 1996

Mwanangu Lea,

Marahaba. Nitajibu kwa mpangilio wa maswali uliyoniuliza tangu Februari.

Goti linauma. Ngazi za kanisani nazipanda kwa kushika ukuta na kujifanya nasalimia watu. Usingizi napata kidogo, naamka saa tisa na kukaa. Moyo ulikuwa mzito kwa miaka mingi na nilikuwa nauita uchovu. Wiki hii ni mwepesi kiasi, lakini nauogopa wepesi wake, sijauzoea.

Mwambie Emiliana hivyo. Na mwambie Alhamisi nilikaa barazani na chai yangu, kengele ya shule ikalia mpaka mwisho, na sikuingia ndani. Mama yako mkubwa alijifanya hajaona, akaniongezea chai.

Tarehe 12, Jumatatu, nitapanda lori la Seth. Mama yako mkubwa anatuma unga na anasema wapangaji wenzako safari hii wapimiwe. Mwombe Mwalimu Sostenes ruhusa kwa niaba yangu, na umuulize Emiliana kama atapenda nionane naye au nipite tu. Atakavyosema ndivyo itakavyokuwa.

Nitakaa dawati la nyuma, zile dakika tatu nitafumba macho kama wengine. Kisha uite majina. Ukimaliza yote sitini na saba, niite na mimi, na uningoje kidogo kabla sijajibu.

Elisha